Silinda ya Duara

Mdogo wangu aliendelea kufanya kazi baada ya kuzikwa. Nikisema hivyo watu hunitazama kama wanaotaka kuniuliza kama nimekula, na wengine huniambia pole, dada, kapumzike kidogo. Nimepumzika vya kutosha. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika chuo cha ualimu, nimepima na kuchanganya dawa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na sina tabia ya kuona vitu visivyokuwepo. Ninachokisema nilikiona ndani ya kabati, mchana kweupe.

Yeye alikuwa mkufunzi wa kemia hapo hapo chuoni. Wanafunzi walimwita Duara. Alidai jina hilo lilitokana na somo lake, mimi nikamwambia wazi kwamba lilitokana na kitambi. Tukabishana mpaka siku moja nikawauliza wanafunzi wenyewe mbele yake, wakainamisha vichwa wakicheka. Basi akanuna mpaka saa ya chai.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka alichemsha jelatini nzito, akaitia chumvi ya daikromati ikawa ya manjano, akaimimina kwenye silinda ndefu ya kioo na kuiacha igande. Ikishaganda, juu yake alimwaga naitreti ya fedha kidogo, dawa angavu kama maji ya kunywa. Kisha aliizungushia karatasi nyeusi, akaiweka kabatini, na ole wake atakayeigusa. Ile dawa ya juu huzama polepole kwenye ile iliyoganda, na zinapokutana zinatoa rangi ya matofali. Mtu ungetegemea silinda nzima iwe imechafuka tu, kama mchuzi uliomwagika. Sivyo. Inatokea pete moja nyembamba, halafu nafasi safi, halafu pete nyingine, halafu nafasi, hivyo hivyo kushuka chini. Na pete zenyewe zimelala sawasawa, kushoto kama kulia, izungushe utakavyo hutajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Siku ya kuifunua alikuwa anawauliza, nani kachora? Mmoja atasema ni joto, mwingine atasema labda mwalimu ulimwaga kwa awamu. Anacheka. Anachukua rula anawaonyesha kwamba nafasi kati ya pete na pete zinaongezeka kadiri unavyoshuka, na zinaongezeka kwa mpango wake, kila moja inaizidi iliyotangulia kwa uwiano uleule. Hakuna aliyeshika penseli, alikuwa anasema. Hakuna aliyetoa amri. Dawa mbili zimekutana gizani, zimejipanga zenyewe. Alisema hivyo kila mwaka kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeambiwa habari hiyo asubuhi ileile. Mimi nilikaa nyuma nikisubiri amalize nioshe vyombo vyangu.

Alianguka kwenye ngazi akienda darasani. Moyo. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamaliza kuhangaika naye, na mkewe alikuwa ameshafika kabla yangu, jambo ambalo naona aibu kusema kwamba liliniuma hata saa ile. Alikuwa amemshika mkono, anazitazama ncha za vidole vya mumewe ambazo zilikuwa na madoa meusi. Akaniuliza ule ni ugonjwa gani. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kazini kwamba si ugonjwa, ni naitreti ya fedha, ikikugusa inaacha doa, na sabuni haiwezi kulitoa, unasubiri ngozi ibadilike. Nilipomaliza kusema nikasikia nilichokisema. Naye alikisikia. Tukasimama pale kila mmoja upande wake wa kitanda.

Sasa niseme ukweli kuhusu mimi na wifi yangu, maana bila hivyo hamtaelewa. Wazazi wetu walituacha mapema, mdogo wangu nikamlea mimi. Nilimkata kucha, nilimfukuza na fimbo mpaka shuleni, nilimfundisha kuchemsha maji bila kujiunguza, na alipoajiriwa chuoni nilimkuta asubuhi akiwa amevaa tai imepinda, nikaifunga upya mbele ya wenzake. Halafu akaniletea fundi cherehani mpole, msemaji wa maneno machache, anayekutazama mara moja akajua kiuno chako ni inchi ngapi. Sikuwa na neno baya juu yake. Haya, nilikuwa nayo mawili matatu.

Tulichogombania ni nani anamjua zaidi. Nikisema mdogo wangu hanywi chai ya sukari, wifi anasema siku hizi anakunywa. Nikisema hapendi shati la mikono mifupi, kesho yake anakuja kazini na shati la mikono mifupi, limeshonwa vizuri, na anapita karibu na meza yangu akitazama dirishani. Maskini ya Mungu, kwangu alikunywa chai isiyo na sukari na kwake alikunywa ya sukari, na kila mmoja wetu aliambiwa naye hivi ndivyo ninavyopenda. Alipokufa hatukuwa hata na uhakika wa kitu kidogo kama hicho.

Niliporudi kazini baada ya msiba nilikwenda kwanza kwenye chumba cha matayarisho, kule tunakopangia vifaa vya madarasa, nikafungue kabati nijue kimebaki nini. Silinda ilikuwa pale, imevishwa karatasi yake nyeusi. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikaifunua nikidhani nitakuta zile pete chache za juu nilizomwona akizitazama siku chache kabla hajaanguka. Nilizikuta. Na chini yake zilikuwepo nyingine ambazo yeye hakuziona.

Nikakaa kwenye kigoda. Najua kemia, msinifundishe. Najua dawa haina habari ya nani kafa na nani kazaa, inazama kwa sababu inazama. Lakini mikono iliyoimimina ilikuwa ya mdogo wangu, vipimo vilikuwa vyake, ukaidi wa kutia jelatini nzito kuliko ninavyomshauri ulikuwa wake, na kazi ilikuwa inaendelea. Watu wote walikuwa wameshaanza kumsema kwa alikuwa, alikuwa. Pale kabatini kulikuwa na kitu chake kimoja ambacho bado kilikuwa kinafanya.

Basi nikawa na siri. Asubuhi, kabla sijavaa koti, nafunua karatasi kidogo, nachungulia, nafunika. Siku nyingine hakuna kipya. Siku nyingine naona kivuli cha rangi kinaanza kukusanyika mahali, na keshokutwa yake kimeshakuwa pete, imelala sawa, haina kona wala mshono. Nilikuwa naisalimia. Namwambia Duara, leo umefanya kazi, au namwambia leo mvivu wewe. Kadiri alivyoshuka ndivyo alivyokawia, maana nafasi zinakua, kila pete inakuwa mbali zaidi na mwenzake na inachukua muda zaidi kuja. Mkufunzi mmoja alifungua kabati kutafuta spiriti, nikampa vidonge vyake mpaka akaomba radhi kwa kosa asilolijua. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, afike chini. Niione pete ya mwisho ikikaa karibu na kitako cha silinda, ndipo nami nikubali.

Aliyetoboa siri ni mkuu wa idara, na hakutoboa kwa ubaya. Ni mtu mwema, alikuwa amenifuma asubuhi moja nikichungulia, akaondoka kimyakimya bila kunisumbua. Alipokwenda kumjulia hali mjane akaona amfariji, akamwambia kwamba jaribio la mwisho la marehemu bado linaendelea, na dada yake analitunza vizuri.

Wifi akaja kesho yake. Alikuwa amekonda, gauni alilolishona mwenyewe likimpwaya mabegani, na yeye ndiye mtu ambaye hajawahi kuacha nguo impwaye mtu. Hakunilaumu kwa kumficha. Aliniuliza tu kama anaweza kuiona. Nikaitoa, nikaiweka mezani, nikafungua karatasi. Alipiga magoti ili macho yake yawe sawa nayo, akaanza kutoka juu, pete kwa pete, kidole chake kikishuka hewani bila kugusa kioo. Kidole kikasimama katikati. Akauliza ni hapa alipofia? Nikamwonyesha kwamba ni juu zaidi ya hapo. Akatazama ile sehemu ndefu iliyobaki, kuanzia pale mpaka alipofika.

"Yote hii amefanya peke yake," akasema.

Ndipo akaniomba aende nayo nyumbani. Nikakataa, na nilikuwa na sababu nzuri zote zimepangwa foleni. Ile ni sumu. Ile ni mali ya chuo. Inataka giza, inataka mahali pa baridi, inataka kusimama wima bila kutikiswa, na nyumba yake ina madirisha makubwa ya mtu anayeshona. Nilizungumza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mapajani, kama anavyowasikiliza wateja wanaotaka nguo isiyowezekana.

"Wewe ulikuwa naye utotoni," akasema, "na ulikuwa naye kazini kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa naye jioni, wifi. Jioni tu, na mwenyewe akiwa amechoka."

Sikuwa nimewahi kufanya hesabu hiyo. Miaka yote nilikuwa najiona mimi ndiye niliyenyang'anywa. Nikajitia kutafuta kitambaa. Halafu nikaenda kwa mkuu wa idara, naye akasema haoni kama kuna atakayeuliza. Nikaziba mdomo wa silinda kwa kizibo na nta, nikafunga karatasi upya, nikatafuta ndoo, nikaizungushia matambara yaliyoloweshwa maji baridi. Nikampa maagizo. Ikae wima. Ikae sakafuni, kwenye kona yenye kivuli, mbali na jiko na mbali na pasi yake ya mkaa. Jelatini ikipata joto inayeyuka, na ikiyeyuka basi tena. Akanirudishia maagizo yote neno kwa neno. Nikamsindikiza mpaka getini, nikasimama pale nikitazama ndoo ile inavyokwenda, na sikuona vibaya. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilipanga niende kwake kila Jumapili, tuitazame pamoja.

Jumapili haikufika. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye ngazi za maabara, ndoo iko miguuni kwake. Hakusimama kunisalimia. Nilijua kabla sijafunua karatasi, lakini niliifunua. Ndani yake kulikuwa na tope la rangi ya matofali, juu hadi chini, zito, sawa kote. Pete hazikuwepo hata moja, za kabla wala za baada.

Nina mdomo, kila mtu pale chuoni anajua, na maneno yote yalikuwa yameshafika kwenye meno. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua, kwamba nilisema, kwamba mtu ukimpa kitu cha watu akishike kama anavyoambiwa ni shida gani. Nilitaka kumwambia kwamba amemuua mara ya pili. Hilo nalo lilikuwepo, lilikuwa la mbele kabisa. Nikamuuliza alifanya nini, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akanieleza bila kujitetea. Alikaa kwenye basi, ndoo katikati ya miguu, kila kitu sawa. Kisha akaona aingize mkono ahakikishe kama silinda bado imesimama. Akagusa kioo.

"Ilikuwa baridi," akasema. "Baridi ile ile. Pale hospitali nilimshika mkono mpaka mliponitoa, na mkono ulikuwa unapoa ninaushika, unapoa tu, na mimi siwezi kufanya kitu. Sasa nikagusa hii nayo ni baridi. Maagizo yako nilikuwa nayakumbuka yote, wifi. Nikaitoa kwenye matambara nikaiweka hapa."

Akaweka kiganja kifuani, chini ya shingo. Akaniambia aliifunika na shali, akaikumbatia njia nzima, na alipofika nyumbani hakuiweka chini. Alikaa nayo kitandani upande wa mume wake mpaka usingizi ukampitia. Alipoamka akafungua karatasi aone kama kuna pete mpya.

Yale maneno niliyokuwa nimeyashika menoni yaliondoka, sijui yalikwenda wapi. Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Wanafunzi walianza kupita, wakitusalimia shikamoo, shikamoo, na sisi tukiitikia marahaba kama watu wazima wenye shughuli zao.

"Zitarudi?" akaniuliza.

Maisha yangu yote sijawahi kumdanganya mtu juu ya dawa. Wanafunzi wamelia mbele yangu jaribio likiharibika, na nimewaambia limeharibika, anza upya. Siku ile nilitafuta uongo kwa bidii. Nilifikiria kumwambia tuiache kwenye baridi tuone. Nilifikiria kutengeneza nyingine kwa siri, kwa vipimo vilevile, nimletee baada ya muda nimwambie tazama, imerudi. Ningeweza. Pete zingetoka, zingelala sawasawa, kushoto kama kulia, na zingekuwa kazi ya mikono yangu.

Nikamwambia hazirudi.

"Kwa hiyo ameacha," akasema.

"Ameacha."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Mimi ndiye niliyeanza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti, na koti jeupe mwilini, mbele ya maabara yangu mwenyewe. Nilimlilia mdogo wangu kwa jina lake la utotoni ambalo sijalitamka tangu alipoota ndevu. Wifi alinishika begani. Yule niliyetaka kumla nyama ndiye aliyenishika, na mkono wake haukuwa na nguvu, lakini hakuuondoa.

Nilipotulia nikamwambia arudi nyumbani, nitashughulikia mwenyewe, maana sumu ile haimwagwi ovyo, ina pipa lake. Akakataa kwenda.

"Tumwage pamoja," akasema. "Kumzika nilimzika na watu wengi sana, sikuona kitu."

Tukaingia ndani. Nikampa glavu, nikampa aproni, akaikaza kamba mwenyewe nyuma kwa fundo la kazini kwake. Nikakwangua nta, nikatoa kizibo, nikaiinamisha silinda juu ya pipa la mabaki. Hakikutoka kitu. Lile tope lilikuwa limepoa usiku na kuganda tena, limeshika kioo, halitaki kuachia. Nikaigonga kidogo kwa kiganja. Wapi.

Kuna njia moja tu ya kuitoa jelatini iliyoganda, na kila fundi wa maabara anaijua. Nikajaza beseni maji ya moto. Wifi akaona mvuke, akarudi nyuma hatua, akanitazama. Nikamwambia sasa haidhuru, sasa joto ndilo linalotakiwa. Akasogea. Tukaizamisha silinda mle, yeye ameshika juu na mimi nimeshika kitako, na tukabaki tumeinama pale mpaka tukaihisi mikononi mwetu imelegea.